Kuhesabu Fedha Mbele ya Mgeni

Mwezi huu tumeiweka kando habari tuliyokusudia kuiandika, kwa sababu mama mmoja wa usharika wa kando ya ziwa alituuliza swali, nasi tukamjibu vibaya. Jibu lile limetusumbua siku nyingi. Basi twaona yafaa tulirudie swali lake hapa mbele ya watu wote, kwa kuwa wengi wenu mlioko Kyela, Ipinda, Mwaya na Matema huuza vitu vyenu kwa njia ile ile aliyouzia yeye, na lililompata yeye laweza kumpata mwingine kesho.

Mama huyo ni mjane. Mumewe alikuwa mvuvi, akamwachia mtumbwi, nyavu chache, na injini ya boti yenye nguvu ya farasi 15. Wanawe wako mbali, wala hapana mtu nyumbani awezaye kuiendesha. Na injini ikikaa bila kazi huharibika. Akakusudia kuiuza, apate karo ya mjukuu wake na bati za kuezekea nyumba. Mpwa wake akaipiga picha kwa simu, akaiweka mtandaoni pamoja na bei yake, shilingi 2,800,000, na namba ya simu ya mama.

Siku ya pili mtu akapiga simu. Alisema maneno ya adabu, akamwita Mama, akamwuliza hali ya nyumbani. Aliposikia ya kuwa mwenye injini amefariki, akampa pole, akanyamaza kidogo kama mtu mwenye huzuni. Akasema yeye yuko Mbeya, tena ana boti Mbamba Bay. Bei hakuipunguza hata shilingi moja. (Mtu anunuaye kitu cha bei kubwa asiulize kama kitapungua, wala kama kinawaka, angalimshangaza hata mtoto, lakini sisi twasema hayo leo, mambo yakiisha kwisha.) Kesho yake alasiri gari likafika, na ndani yake kijana mmoja pamoja na dereva. Hawajamaliza kusalimiana, ujumbe ukaingia katika simu ya mama. Ulikuwa na kiasi cha fedha, jina la mtumaji, namba ya muamala, hata na salio jipya. Mpwa akataka kulitazama salio lenyewe. Mama akamkataza kwa sauti ya chini, akamwambia, “Usimwaibishe mgeni wa watu.” Yule kijana alikuwa akisema kwamba wamechelewa, kwamba njia ya Tukuyu ni ya milima na jua linakuchwa. Wakawasaidia kupakia. Jioni mama akaenda kwa wakala kutoa fedha kidogo. Salio lilikuwa shilingi 11,400, ndizo alizoamka nazo asubuhi.

Akatujia, akasema: “Baba Mchungaji, ninyi mmetufundisha kumpokea mgeni, tena tusimdhanie mwenzetu mabaya. Je, mimi nilikosa kwa kumwamini mtu?”

Nasi tukamjibu upesi, kama wajibuvyo watu wasiopotewa na kitu: “Mama, ungalihakikisha kwanza.” Akanyamaza. Kisha akasema ndaga, akaenda zake.

Neno tulilomwambia lilikuwa kweli, wala halikuwa jibu. Hakutuuliza namna ya kuhakikisha, maana mpwa wake aijua, naye alikuwa karibu kuifanya. Alituuliza kama ni haki kuhakikisha. Kama mtu mwema aweza kumwambia mwenzake aliyesimama mlangoni, “Ngoja kwanza nione,” asiwe amemvunjia heshima. Hilo ndilo swali. Wala si la wajane peke yao. Tumewauliza wenye maduka wawili wa Kyela mjini, na fundi mmoja wa pikipiki, nao wote walikiri ya kwamba wamewahi kuacha kutazama salio kwa sababu mnunuzi alikuwa akiwatazama usoni.

Tuanze na haya yenyewe, inatoka wapi. Sisi Wanyakyusa tuna neno ukwangala, maana yake kukaa pamoja kwa furaha, kula pamoja na kuzungumza. Wazee wetu walilipenda jambo hilo hata wakajenga vijiji vya watu wa rika moja, kusudi wapate kukaa hivyo. Mama wa Kizungu Monica Wilson, aliyeishi kwetu katika miaka ya 1930, aliandika kitabu kizima juu ya vijiji hivyo, kikatoka mwaka 1951. Katika kijiji cha namna ile, kumdhania jirani yako mabaya waziwazi kulikuwa kuharibu kitu ambacho watu wote wanakinywea. Mama wetu amelelewa na watu waliolelewa hivyo. Haya yake si ujinga. Ni mali aliyorithi, na ni mali njema.

Lakini tufikiri, imani ile ya kijijini ilisimama juu ya nini? Haikusimama juu ya maneno mazuri. Mtu alijua baba wa mwenzake ni nani, ng'ombe wake wamelala wapi, na deni lake la mahari limebaki kiasi gani, na mashahidi wa deni hilo ni nani. Aliyedhulumu hakuwa na pa kwenda. Imani ilikuwa na mizizi mirefu chini ya ardhi, ndiyo maana juu yake watu waliweza kuketi bila wasiwasi. Yule mtu wa Mbeya (kama kweli alikuwa Mbeya) alichukua majani ya mti ule akayashika mkononi: neno Mama, neno pole, neno mgeni. Mizizi hakuwa nayo. Mama hakumwona uso, hakujua jina lake ila lile alilojiita, wala hakuwa na shahidi. Basi twauliza, alimwamini nani? Sisi twaona hakumwamini mtu. Aliziamini herufi chache katika kioo cha simu.

Na hapa ndipo tunapopata njia. Nendeni Lyulilo, karibu na Matema, siku ya soko la vyungu. Wanawake wa Kikisi huvileta kwa mitumbwi kutoka Ikombe, vimefungwa vizuri, vingine vyekundu vyenye marembo meupe. Mnunuzi hufanya nini? Hukiinua chungu, hukigeuza, kisha hukigonga kwa vifundo vya vidole akasikiliza. Kikilia vizuri hukiweka upande wake. Kikitoa sauti butu kama ya kitu kilichopasuka hukirudisha. Naye aliyekifinyanga ameketi pale pale anatazama. Hatujasikia hata siku moja mfinyanzi akisema, “Wanitukana.” Afadhali yeye mwenyewe hukigonga kwanza ili mnunuzi asikie. Kadhalika wafanyabiashara wa mchele wajao Kyela kutoka Dar es Salaam huchoma gunia kwa bambo, wakatoa punje za katikati na za chini, wakazitafuna mbele ya mwenye mpunga. Anunuaye ng'ombe humfungua kinywa. Yote hayo ni desturi, wala hayana tusi.

Basi ikiwa mnunuzi ana ruhusa ya kugonga chungu, kwa nini mwuzaji aone haya kugonga fedha? Twadhani sababu ni hii. Zamani za kubadilishana vitu, vyungu vya Wakisi na majembe ya chuma ya Wakinga vilipobadilishwa kwa chakula cha bondeni, pande zote mbili zilipima kwa macho na kwa mkono. Baadaye zikaja sarafu na noti, nazo pia huonekana: mtu huzihesabu, huzigeuza kwenye mwanga, akazitia mfukoni. Lakini sasa fedha huja kwa mfano wa maneno. Nasi tumefundishwa tangu utoto kwamba neno la mgeni hupokewa kwa mikono miwili. Kwa hiyo tunapopokea ujumbe wa simu twafanya kama mtu amesema nasi, nasi twaona vibaya kumwambia, “Rudia, sikusadiki.” Yafaa tujifunze kutenganisha. Ujumbe wa simu si fedha, wala si mtu. Ni habari ya fedha. Nayo habari hugongwa kama chungu, aliyeileta akiwa mwema au akiwa mbaya.

Wasomaji wetu waijua habari ya Ibrahimu alipotaka mahali pa kumzika Sara. Efroni Mhiti alimwambia kwa adabu kubwa kwamba shamba ni lake, alichukue bure. Ibrahimu naye akainama mbele ya watu, akajibu kwa adabu ile ile. Kisha akampimia fedha, shekeli 400, kwa kipimo cha wafanyabiashara, mbele ya watu wote waliokuwa langoni mwa mji. Adabu ilikuwa nyingi pande zote mbili, na mizani ilikuwapo. Tena mtu yule alikuwa katika msiba, kama mama wetu, wala msiba haukumfanya aone kwamba kupima fedha mbele ya mashahidi ni aibu.

Wala tusiende mbali hata nchi ya Wahiti. Kila Jumapili, ibada ikiisha, sadaka huhesabiwa na wazee zaidi ya mmoja, nao huandika na kutia sahihi. Je, twawadhania wazee kuwa wezi? Hapana. Twawalinda, ili mtu asiweze kuwanenea neno. Desturi ikiwa ni ya watu wote haimgusi mtu mmoja. Angalikuwako mzee mmoja tu ambaye huhesabiwa na wengine hawahesabiwi, huyo angalikuwa na haki ya kukasirika. Vivyo hivyo mwuzaji ahakikishaye kwa mgeni tu, na kwa mchungaji asihakikishe, huyo ndiye anayemtukana mgeni. Sisi tulikomboa jogoo katika mnada wa mazao baada ya ibada, tukasema “nitatuma,” na mweka hazina akatucheka akaandika deni, tuliona vema. (Deni tulilipa siku ya Jumatano, kwa wale watakaouliza.)

Sasa tuseme machache juu ya namna mambo haya yanavyokwenda, maana mwenye hekima hujua mtego ulivyofumwa. Kutuma fedha kwa simu ni jambo jema, nasi hatulidharau hata kidogo. M-Pesa ilianza Kenya mwezi wa Machi 2007, ikaingia kwetu Tanzania mwaka 2008. Kabla ya hapo mtoto aliye Dar es Salaam alimpa kondakta wa basi bahasha, na mama yake akangoja stendi akiomba bahasha ifike. Zamani zile zimepita, na tushukuru. Lakini fedha hizo hukaa katika hesabu ya kampuni, hazikai katika ujumbe. Ujumbe ni taarifa tu, na mtu yeyote aweza kuandika taarifa inayofanana nayo akaituma kwa namba yake mwenyewe. Mara nyingi ujumbe wa uongo hutoka katika namba ya kawaida ya mtu, hali ule wa kweli huja kwa jina la huduma yenyewe. Hata hivyo msiweke tumaini lenu juu ya jina, kwa kuwa wako wajuao kuliiga. Jambo lililo imara ni moja: lifungeni neno lile la ujumbe, mwingie wenyewe katika huduma yenu, mwulize salio. Kwa M-Pesa ni *150*00#, kwa Airtel Money ni *150*60#, kwa Halopesa ni *150*88#, na kwa ile iliyoitwa Tigo Pesa, ambayo tangu mwaka 2024 yaitwa Mixx by Yas, ni *150*01#. Kazi hiyo haifikii dakika mbili. Kama mnunuzi hawezi kungoja dakika mbili kwa ajili ya injini atakayoitumia miaka kumi, tazameni neno hilo vizuri.

Maana haraka ndiyo chombo chake cha kwanza mwizi wa namna hii, na haya ndiyo cha pili. Havimfai kimoja bila kingine. Haraka peke yake mtu angaliweza kuikataa. Haya peke yake ingalikwisha baada ya muda, mtu akapata moyo wa kuuliza. Lakini haraka haimpi mtu muda wa kuishinda haya. Ndiyo sababu gari huja na ujumbe huingia kwa wakati mmoja, na jua daima linakuchwa.

Wako na wengine wasiotumia gari. Mmoja husema fedha zimetumwa lakini zimezuiliwa, nawe utume kwanza ada ndogo ya kuzifungua. Mwingine huleta picha ya hati ya benki, au hundi. Nayo hundi kuandikwa katika kitabu cha benki si kuwa fedha zimekwisha kufika. Mwingine hujifanya mtu wa kampuni ya simu, akaulizia namba ya siri, ambayo haifai kupewa mtu yeyote hata ndugu. Hayo tuyapite, maana mengi mmekwisha kuyasikia.

Liko lakini moja ambalo twataka kukaa nalo, kwa sababu linamwingiza mwuzaji mwenyewe katika hesabu. Mtu hununua kitu cha shilingi 300,000, kisha hupiga simu na kusema, “Mama, nimekosea nimetuma 500,000, tafadhali nirudishie zile 200,000 kwa namba hii nyingine.” Mara nyingi hakutuma kitu, ni ujumbe wa uongo, na zile 200,000 zitatoka mfukoni mwako. Lakini huenda fedha zimekuja kweli, nazo si zake. Ninyi nyote mmepata kuona ujumbe ule usemao, “Ile pesa tuma kwenye namba hii.” Hutumwa kwa watu wengi, na mara kwa mara humkuta mtu ambaye kweli alikuwa na fedha ya kumtumia ndugu yake, akaituma bila kufikiri. Sasa fikirini, namba aliyopewa huyo ikiwa ni yako wewe mwuza injini! Mtu wa Songea au wa Iringa amelia, na kilio chake kimeingia katika simu yako kwa jina la malipo. Nawe ukizituma 200,000 kwa namba ya tatu, umekuwa daraja la mwizi, tena umemlipia nauli.

Katika jambo hilo njia ya haki ni nyembamba pande mbili. Usizitume kwa namba nyingine, na usizile. Mwambie mtu huyo apige simu kwa kampuni yake, irudishe fedha pale zilipotoka. Nawe uzitoe taarifa kwa kampuni yako, ukazikalie bila kuzigusa. Twajua yaliyo mioyoni mwa watu fedha isiyojulikana ikiingia. Tumesikia mtu mwenye heshima katika kijiji chake akisema Mungu amemkumbuka, kumbe aliyekumbukwa ni mwenzake aliyekosea tarakimu moja.

Na kwa kuwa tumeingia katika mambo ya haki, tusijifanye kwamba wauzaji wa huku kwetu ni safi na waovu wote wako upande wa pili wa simu. Mchele wa sehemu nyingine huchanganywa ukauzwa kwa jina la Kyela. Debe hupigwa chini likabonyea. Luther katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529, alipoieleza amri ya kutoiba, alihesabu udanganyifu wa sokoni kuwa wizi, pamoja na vipimo vya uongo. Msomaji akikasirika juu ya mwizi wa injini, na aangalie kwanza debe lake.

Turudi kwa yule kijana wa gari. Tulipomwuliza mama habari zake alisema alikuwa na umri kama wa miaka ishirini, tena alikunywa maji aliyopewa akashukuru. Je, alijua? Hatuwezi kusema. Huenda alikuwa mwenzi wa mwizi. Huenda naye aliitwa kwa simu na mtu asiyemjua, akaambiwa, “Nenda Kyela ukanichukulie mzigo wangu, umekwisha kulipiwa,” kama vijana wengi wa magari na bodaboda wanavyoitwa kila siku. Lakini twajua hili: laiti uongo ungalifunuliwa nusu saa baadaye, gari likiwa lingali njiani Ipinda, na mtu angalipiga kelele ya mwizi, kijana yule asingalifika Tukuyu. Wote mmeona jinsi watu wenye hasira wanavyotenda, na jinsi wasivyouliza. Basi salio likitazamwa mapema, huku mzigo ungali chini, mwuzaji hulinda mali yake, na huenda akalinda roho ya mtu asiye na hatia. Tangu tulipolifikiri jambo hili hatuwezi tena kusema kwamba kuhakikisha ni ukosefu wa upendo kwa mgeni. Mama angalimwambia, “Mwanangu, kaa kitako, nakuletea maji, nami naangalia salio,” angalimtendea wema wote mawili, ya maji na ya salio.

Lipo neno la kweli katika woga wa mama, nasi hatutaki kulifuta. Anaogopa kwamba tukianza hivi tutaishia kuwa watu wasioamini chochote, kila mtu na kufuli yake. Hatari hiyo ipo. Tumewaona watu waliodhulumiwa mara moja wakawa hawakopeshi chumvi. Lakini angalieni kakao. Siku hizi mkulima wa Kyela hupeleka kakao yake kwa chama cha ushirika, hupimwa, huandikwa stakabadhi, hukaa ghalani, huuzwa kwa mnada, na fedha huja baadaye katika akaunti yake. Katika njia hiyo yote mna mizani na karatasi na sahihi. Watu hulalamika kwamba fedha hukawia, na mara nyingine wana haki. Lakini hatujasikia mtu akisema kwamba karatasi zimewafanya majirani wachukiane. Yaliyowachukiza ni pale karatasi zilipokosekana.

Tena liko jambo moja katika habari ya mama lililotuumiza kuliko injini. Alikaa siku saba bila kumwambia mtu ila mpwa wake. Haya ile ile iliyomzuia kutazama salio ikamzuia kushitaki. Aliogopa kuchekwa, na sisi, kwa jibu letu la upesi, tulimwonyesha kwamba aliogopa kwa haki. Siku saba ni nyingi: namba imetupwa, injini imevuka. Kwa hiyo twawasihi, mtu akidhulumiwa asichekwe, wala asiulizwe kwanza kwa nini hakufanya hivi. Apelekwe polisi siku ile ile. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 imeufanya udanganyifu wa namna hii kuwa kosa la jinai, na kujifanya mtu mwingine kadhalika. Ule ujumbe wa ulaghai usifutwe. Upelekwe kwa namba 15040, ambayo Mamlaka ya Mawasiliano iliiweka kwa kazi hiyo. Twajua tangu Januari 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kufungwa, na wengi walidhani wizi huu utakoma. Haukukoma, kwa sababu wezi hutumia laini zilizosajiliwa kwa majina ya watu wengine, mara nyingi wazee walioombwa waweke kidole mara mbili, ati mara ya kwanza hakikusomeka. Kila mtu na apige *106# atazame namba zilizo chini ya jina lake. Sisi tulipiga, tukakuta ni zetu tu. Mzee mmoja wa usharika wetu alikuta moja asiyoijua, akaenda kuifungisha.

Juma lililopita tulikwenda kwa mama, tukaketi chini ya mwembe wake, tukamwambia kwamba tulimjibu vibaya na kwamba tumekuja kujibu tena. Tukamweleza haya tuliyoyaandika, kwa maneno machache zaidi. Akasikiliza. Habari za Efroni alizipenda. Akauliza kama fedha ya shekeli 400 ni nyingi. Kisha akatuambia kwamba mtumbwi nao amekwisha kuuza, siku nne zilizopita, kwa mwalimu mmoja wa Ipinda. Safari hii hakungoja ujumbe nyumbani. Alimwambia mwalimu wakutane mbele ya kibanda cha wakala, akachukua mpwa wake na jirani wawili, akaketi juu ya kigoda. Ujumbe ulipoingia alimpa mpwa simu, akasema kwa sauti ya watu wote kusikia, “Tusomee salio, Mwanangu, huyu Mwalimu naye asikie.”

Tukamwuliza mwalimu alisemaje.

“Aliuliza,” akasema mama, “kama anaweza kuugonga mtumbwi.”